Jaramogi: mwalimu wa Maseno aliyeingia sokoni



Ligi inapokaribia kuanza, maskani zetu hapa Mombasa huwa na mjadala ule ule. Mwalimu fulani ameifundisha timu ya shule ikatamba, sasa klabu kubwa yamtaka. Je, ataweza? Kuna wasemao mpira ni mpira. Mimi siafikiani nao. Shuleni kijana akutii kwa kuwa wewe ni mwalimu wake. Klabuni mchezaji ana mkataba na ana watoto nyumbani, na mshahara ukichelewa wiki mbili hata mazoezini humwoni.

Mtu aliyevuka daraja hilo mbele ya macho ya watu, ingawa si kwa mpira bali kwa biashara, ni Jaramogi Oginga Odinga wa Kisumu. Vijana wamjua kama babake Raila na makamu wa kwanza wa rais wa Kenya. Mimi nataka kumzungumzia Odinga wa kabla ya siasa.

Alizaliwa yapata mwaka 1911 huko Sakwa, Bondo. Alisoma Maseno, akaenda Alliance, kisha Makerere, alikopata diploma ya ualimu. Akarejea Maseno kufundisha, na baadaye akawa mwalimu mkuu wa shule ya mifugo pale pale. Kwa Mwafrika wa miaka ya 1940 ile ilikuwa kazi ya heshima na mshahara wa uhakika. Lakini hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Kanisa lilitaka watoto wabatizwe kwa majina ya Kizungu, yeye akashikilia majina ya wazee wake. Ndiyo maana tuna Oburu na Raila, wala hatuna James na John.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliacha chaki, na mwaka 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation. Kisumu ya wakati huo biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wahindi, serikali mikononi mwa Wazungu, na Mwafrika aliambiwa kazi yake ni kulima na kubeba. Odinga aliamini kwamba watu wasio na duka lao wala pesa zao hawatasikilizwa na mtu hata wakipiga kelele namna gani. Akaomba watu wanunue hisa.

Hapo ndipo ualimu ulipokwisha na kazi ikaanza. Mwanafunzi ukimwambia kaa, atakaa. Mwanahisa aliyetoa shilingi zake za jasho hakai, yuaja kuuliza pesa ziko wapi. Na wanahisa wenyewe hawakuwa Nyanza pekee. Reli iliyoanzia hapa kwetu ikafika Kisumu mwaka 1901 ndiyo iliyowatawanya Wajaluo kila mji wa Afrika Mashariki, wakifanya kazi relini, bandarini na majumbani mwa watu. Odinga ilimbidi awafuate huko huko mji kwa mji, akae nao, awaeleze, aulizwe maswali magumu, kisha aondoke na hisa chache. Wapo waliomdhania mwizi. Ushirika ngapi hapa pwani zimekufa kwa neno hilo moja tu?

Kampuni ilijenga Ramogi House mjini Kisumu, ikafungua duka Maseno, ikawa na kiwanda cha kuchapisha magazeti ya lugha za Kiafrika. Nisizidishe chumvi: wanahisa hawakutajirika, na mipango mingi ilikuwa mikubwa kuliko mfuko. Aliyeizoea shule huona fedha kama daftari, ukikosea wafuta. Sokoni hakuna kifutio.

Hata hivyo zile safari zilimpa kitu ambacho faida isingempa. Alipofanywa Ker, yaani mkuu wa Luo Union, tayari alikuwa akijulikana kila tawi. Na Waafrika walipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mwezi Machi 1957, alimshinda B. A. Ohanga katika Nyanza ya Kati. Miongoni mwa wanane walioingia alikuwemo Ronald Ngala wetu wa pwani, naye mwalimu, na Daniel Moi, mwalimu vilevile. Mwaka 1958 Odinga alisimama barazani akasema Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, ndiye kiongozi wa Waafrika. Wenzake wengine walishtuka. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya wanahisa wenye hasira hamwogopi spika.

Ila nadhani tabia ya darasani haikumtoka yote. Alijua jibu, akalisema, hakujua kuling'ata. Mwaka 1966 alijitoa serikalini akaunda KPU. Tarehe 25 Oktoba 1969 Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, yakatoka maneno makali baina yao hadharani, risasi zikalia, watu wakauawa. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Alirudi bungeni mwaka 1992 akiwa mzee, akafariki Kisumu tarehe 20 Januari 1994. Hospitali ile sasa ina jina lake kwenye lango. Watu wa Kisumu wangali waiita Russia.