DAKTARI WA KIJIJINI NA MTOTO WA MTUNZA BUSTANI



Juzi binti yangu karudi na karatasi ya shule: chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, mzazi asaini. Mama watoto akaniangalia, nami nikamwangalia. Maneno ya mtaani tumeshayasikia yote. Kabla sijashika kalamu nikajikuta nasoma habari za aliyeanzisha mambo haya, Edward Jenner.

Alizaliwa 1749 Berkeley, Uingereza. Utotoni alipandikizwa usaha wa ndui yenyewe, maana ndiyo ilikuwa kinga ya enzi hizo. Wengi walipona, wengine walikufa au waliambukiza jirani. Akasomea udaktari London kwa John Hunter, na 1772 akarudi kwao kutibu wanakijiji. Angeweza kubaki mjini akachuma, ila alirudi.

Huko wakamua maziwa walishajua kwamba ukiugua ndui ya ng'ombe, ndui ya watu haikupati. Mkulima Benjamin Jesty alimchanja mkewe na watoto wake tangu 1774, kwa hiyo jamani tusimpe Jenner sifa zote. Yeye aliwasikiliza wakamuaji, akapima, akaandika.

Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kidonda mkononi mwa Sarah Nelmes, mkamua maziwa, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8 wa mtunza bustani wake. Julai akampandikiza ndui yenyewe. Mtoto hakuugua.

Hapa ndo roho inaniuma. Kwa nini mtoto wa mtunza bustani? Huyo baba angekataaje kwa mwajiri wake? Kweli, kupandikiza ndui kulikuwa kawaida wakati ule, na baadaye Jenner alimpa Phipps nyumba bila kodi. Mwaka 1798 alimchanja hata mwanawe Robert wa miezi 11, ingawa haikushika. Lakini wa kwanza alikuwa mtoto wa maskini, na mie hilo silimezi.

Mwaka huohuo alichapa kitabu chake mwenyewe, baada ya wakubwa wa sayansi London kutomkubalia. Wachora katuni wakachora waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini! Kumbe maneno ya mtaani hayakuanza leo. Yeye akaendelea kuchanja maskini bure kwenye kibanda bustanini kwake. Bunge likaja kumpa pauni 10,000 mwaka 1802, na 20,000 mwaka 1807. Alifariki Januari 1823.

Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui ya asili alikuwa hapa jirani, Merka, Somalia, 1977: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali aliyekwepa chanjo. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wachanje watoto polio, hadi alipofariki 2013 akiwa kwenye kazi hiyohiyo. Ndui ilitangazwa kutokomezwa 1980.

Karatasi nimesaini. Mama watoto kakubali, ila anataka kwanza amuulize nesi maswali yake, na mimi naenda naye. Wadau ambao mabinti zenu wameshachanjwa, ilikuwaje? Tuambieni.