Muhammed Said Abdulla: Bwana afya wa Unguja aliyetupatia Bwana Msa

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar anayeinama leo mbele ya vitabu vilivyotandazwa kando ya barabara ana uhuru ambao wazee wake hawakuwa nao. Anaweza kuchagua riwaya ya mapenzi, ya ujasusi, ya maisha ya kijijini, ya historia au ya upelelezi, zote zikiwa za Kiswahili, na kuisoma aliyoichagua kwa sababu moja tu, kwamba inampendeza.

Uhuru huo haukushuka kutoka mbinguni. Ulitafutwa na watu, na mmoja wao ni mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, aliyeanza maisha ya kazi akiwa mkaguzi wa afya. Jina lake ni Muhammed Said Abdulla, ambaye wapenzi wa fasihi humtaja kuwa baba wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili.

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu afariki dunia. Hata hivyo, mpelelezi aliyembuni, Bwana Msa, mwenye kiko chake mdomoni na maswali yasiyokwisha, bado anafahamika kwa wengi kuliko muumba wake.

Kutoka idara ya afya hadi chumba cha habari

Abdulla alizaliwa Aprili 25, 1918. Wakati huo Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani akiwa bado katika kiti chake, na uchumi wa visiwa ukitegemea karafuu.

Makunduchi alikozaliwa ni mahali penye mila za kale. Ndiko inakofanyika sherehe maarufu ya Mwaka Kogwa, na ndiko ambako lahaja ya wenyeji na imani za mababu zilidumu kwa muda mrefu sambamba na dini ya Kiislamu. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo hakuhitaji kusoma vitabu ili ajue nini maana ya mzimu.

Alimaliza masomo yake mwaka 1938, akiwa na umri wa miaka 20, kisha akaajiriwa katika idara ya afya akiwa mkaguzi. Hiyo ndiyo kazi ambayo wananchi wameizoea kwa jina la bwana afya. Aliifanya kwa miaka 10.

Bwana afya ni mtu anayelipwa ili atazame. Huingia penye uchafu na kuuliza umetoka wapi, na hukuta ugonjwa na kutafuta chanzo chake. Msomaji wa riwaya za Abdulla hatakosa kuona kwamba tabia hiyo ya kutazama kwanza na kuamua baadaye ndiyo silaha kubwa ya Bwana Msa.

Mwaka 1948 aliiacha kazi hiyo na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Aidha, alipata kuwa mhariri msaidizi katika magazeti ya Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu.

Orodha hiyo inaeleza mengi kuhusu mtu huyo na zama zake. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilikuwa sauti ya upande wa Waafrika. Katika Zanzibar ya zama za siasa, hizo zilikuwa kambi mbili zilizotazamana kwa jicho la uadui, na ni wachache waliopata kuziona zote mbili kwa ndani.

Mwaka 1958 alipewa uhariri wa Mkulima, jarida la kilimo, na huko ndiko alikobaki hadi alipostaafu mwaka 1968. Hivyo, katika miaka ya mwanzo ya uandishi wake wa riwaya za mauaji na mafumbo, kazi iliyomlisha ilikuwa ni kuwahudumia wakulima.

Shindano lililobadili mambo

Ili kuupima mchango wake, ni lazima kukumbuka hali ya maandishi ya Kiswahili ilivyokuwa. Wasomaji wa miaka ya 1930 na 1940 walikuwa na hadithi za kizungu zilizotafsiriwa, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani, pamoja na kazi chache za wenyeji, ikiwemo Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela iliyotoka mwaka 1934.

Baadaye alikuja Shaaban Robert na vitabu kama Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Huyo alikuwa gwiji asiye na mfano, lakini hadithi zake zilijengwa juu ya nchi za kufikirika, na lengo lake kuu lilikuwa kuadilisha. Msomaji alizisoma kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mzee wa busara.

Kilichokosekana kilikuwa ni hadithi ndefu ya Kiswahili yenye watu wa kawaida, mitaa inayojulikana na tukio linalomkesha msomaji kwa hamu ya kujua mwisho wake.

Nafasi ilipatikana pale East African Literature Bureau, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1948 na yenye makao yake Nairobi, ilipoendesha shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Abdulla alipeleka hadithi aliyoiita Mzimu wa Watu wa Kale, ikashika nafasi ya kwanza. Mwaka 1960 ilichapishwa kama kitabu.

Hadithi hiyo inahusu tajiri mwenye mashamba ambaye maiti yake inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wa kale walikuwa wakitambikia. Mahali penyewe panatisha. Kwa mtu aliyelelewa katika hofu ya mizimu, jibu lingekuwa jepesi: wenye mzimu wamekasirika, basi na yaishe.

Bwana Msa hakubali yaishe. Anataka kujua nani alimwona marehemu mara ya mwisho, nani ananufaika na kifo chake na nani anasema uongo. Badala ya kuyatazama mambo ya majini, anayatazama ya binadamu, ambayo mara nyingi ndiyo yenye kutisha zaidi.

Hapo ndipo ulipo uzito wa kazi ya Abdulla. Aliandika kitabu cha kuburudisha, lakini ndani ya burudani hiyo aliweka jambo zito. Alionyesha kwamba hofu ya yasiyoonekana inaweza kuwa pazia la mhalifu, na kwamba akili ya mtu wa kawaida, ikitumiwa kwa utulivu, inaweza kulifungua pazia hilo.

Holmes aliyevaa kanzu

Ni dhahiri kwamba Bwana Msa ana ndugu wa mbali huko London. Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa mwandishi Arthur Conan Doyle, alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1887, naye alikuwa na kiko, rafiki wa kufuatana naye na mazoea ya kugundua mambo makubwa kutokana na vitu vidogo.

Bwana Msa anaye Najum, rafiki na msaidizi wake, anayeuliza maswali ambayo msomaji naye angependa kuuliza. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi, mwakilishi wa serikali, ambaye mara kwa mara hujikuta nyuma ya raia asiye na cheo wala bunduki.

Lakini mwandishi hakunakili tu. Alilichukua umbo la kigeni akalijaza maisha ya Unguja. Katika kurasa zake mna barza za mazungumzo, mashamba ya karafuu, watumishi wanaojua siri za mabwana zao, na zaidi ya yote Kiswahili cha Kiunguja kilichojaa utani, mafumbo na mizunguko ya maneno.

Uhalifu nao ni wa kwao. Si wizi wa benki wala njama za mataifa makubwa, bali ni siri za ukoo: urithi unaogombewa, ndoa iliyofichwa, mtoto asiyejua wazazi wake. Mambo hayo hutokea katika kila mtaa, na ndiyo maana wasomaji waliyatambua mara moja.

Jinsi riwaya hizo zinavyofanya kazi ni jambo la kuvutia pia. Fumbo huwekwa mwanzoni, dalili husambazwa njiani, na msomaji hualikwa kushindana na mpelelezi. Asomaye kwa haraka hushindwa. Kwa njia hiyo, watu wengi waliozoea kusoma kwa ajili ya mtihani au ibada walijifunza kusoma kwa makini huku wakidhani wanacheza.

Visiwa vinabadilika, Msa anaendelea

Kipindi ambacho Abdulla alikuwa akijenga jina lake kilikuwa cha misukosuko. Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanyika mwaka 1957. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 zilipoteza maisha ya watu 68. Uhuru ulipatikana Desemba 10, 1963, na mwezi mmoja tu baadaye, Januari 12, 1964, Mapinduzi yakaung'oa utawala wa Sultani.

Ulimwengu wa mabwana, mashamba makubwa na watumishi ambamo Bwana Msa alizaliwa ukaporomoka. Hata hivyo mwandishi hakumwacha mpelelezi wake. Mwaka 1968, mwaka aliostaafu, kilitoka kitabu cha pili, Kisima cha Giningi. Giningi ni jina linalohusishwa na wachawi katika simulizi za visiwani, hivyo kwa mara nyingine alikuwa amegusa palepale penye hofu.

Baada ya hapo kasi iliongezeka. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975 na Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976. Cha mwisho kilikuwa Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984, wakati mwandishi akiwa na umri wa miaka 66.

Kati ya Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi kuna miaka minane. Kati ya mwaka 1973 na 1976 kuna vitabu vinne. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya vitabu vyake ilichapishwa baada ya kustaafu, umri ambao wengi huanza kupumzika.

Lawama na deni

Si kila mtu aliyempigia makofi. Katika miaka ya 1970, siasa ya Ujamaa ilipokuwa imeshika kasi Tanzania Bara, wahakiki wengi walitaka fasihi izungumzie matabaka, ukoloni na ujenzi wa taifa. Riwaya za upelelezi na za mapenzi ziliwekwa katika fungu la riwaya pendwa, na kwa baadhi yao neno hilo lilikuwa na harufu ya dharau.

Lawama hizo zina chembe ya ukweli. Bwana Msa ni mtu wa nafasi, asiyeonekana kuhangaikia mkate wa kesho, na Unguja yake ni ile ya kabla ya Mapinduzi. Mkoloni hasumbuliwi sana katika kurasa zake, na jasho la mchumaji wa karafuu halipewi nafasi kubwa.

Lakini riwaya huzaa riwaya. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia Bara. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, kisha Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Hao walitumia bastola na ndege pale ambapo Msa alitumia kiko na maswali, ila walikuta wasomaji waliokwisha kuonja utamu wa fumbo la Kiswahili.

Huko Zanzibar kwenyewe waandishi wengine walichukua njia tofauti. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu na Nyota ya Rehema, Shafi Adam Shafi akaandika Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, na Said Ahmed Mohamed akaandika Utengano. Hizo ni kazi zilizozama katika dhuluma na mapambano ya jamii, yale hasa ambayo wahakiki walilalamika kwamba Abdulla hakuyagusa vya kutosha.

Msomaji wa leo halazimiki kuchagua upande. Anaweza kuwa na Kuli mkono mmoja na Siri ya Sifuri mkono wa pili, akalia na vibarua wa bandarini asubuhi, na jioni akamfuata Bwana Msa katika vichochoro vya siri za watu. Rafu ya vitabu iliyo na aina moja tu ya riwaya ni maskini, hata kama aina yenyewe ni bora kiasi gani.

Muhammed Said Abdulla alifariki dunia Machi 1991, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 73. Aliacha riwaya saba za Bwana Msa, ambazo kila moja inaanza na jambo linalotisha na kumalizika kwa maelezo ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuyafuata.

Katika nchi zetu, ambako bado wapo wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi na bado wapo watu wanaokubali jibu la kwanza wanalopewa, mafunzo ya yule bwana afya wa zamani hayajapitwa na wakati. Anayetaka kuyapata hana haja ya kwenda darasani. Atafute nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale, akae mahali penye mwanga, na aanze ukurasa wa kwanza.