Sickert na Vyumba vya London

Wandugu, mwaka wangu wa kwanza hapa London nilipanga chumba kimoja, dirisha linatazama ukuta. Wiki nzima inapita hujasikia hodi. Ndipo maktabani nikakutana na mzee Walter Sickert.

Alizaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1860, akaletwa Uingereza mwaka 1868. Alianza na uigizaji, halafu akahamia kwenye uchoraji. Akafundwa na Whistler, na kule Paris akajifunza mengi kwa Degas. Aliporudi London mwaka 1905 alipanga vyumba Mornington Crescent, mitaa ya Camden Town, enzi hizo makazi ya watu wa kipato kidogo. Huko akachora kitanda cha chuma, ukuta uliofifia na mwanga hafifu wa dirishani. Mwaka 1911 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Camden Town Group.

Picha iliyonigusa ni Ennui, ya mwaka 1914 hivi, mali ya Tate. Mume amekaa anavuta sigara. Mke yuko nyuma yake, kaegemea kabati la droo, kampa mgongo, anatazama ukuta. Juu ya kabati kuna ndege waliokaushwa, wamefunikwa kwa kioo. Ugomvi hakuna. Wako wawili, lakini kila mtu peke yake!

Sickert alifariki mwaka 1942, huko Bathampton, karibu na Bath. Mimi nilifunga kitabu, nikaenda kumgongea jirani. Kumbe naye alikuwa anasubiri hodi miezi yote ile. Je, wewe jirani yako unamjua jina?