Gandhi: Mwanafunzi Aliyeogopa Kusimama

Jina la Mahatma Gandhi mnalifahamu katika somo la historia. Twamkumbuka kama kiongozi aliyeutikisa utawala wa Waingereza huko India. Wachache wanajua kuwa kwa miaka mingi kiongozi huyo hakuthubutu kusema mbele ya watu.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba, 1869, katika mji wa Porbandar, magharibi mwa India. Alikuwa mwenye haya kupita kiasi. Masomo yakiisha alikimbilia nyumbani, akichelea wenzake wasije wakamsemesha. Mwaka 1888, alipokuwa akienda kusomea sheria Uingereza, shule yake ya Rajkot ilimfanyia sherehe ya kumuaga. Aliandika maneno machache tu ya shukrani, lakini aliposimama kuyasoma kichwa kilimzunguka na mwili wote ukatetemeka.

Huko London alichaguliwa katika kamati ya chama cha watu wasiokula nyama, ila vikaoni alikaa kimya. Siku moja ilijadiliwa hoja ya kumfukuza mwanachama kwa ajili ya maoni yake. Gandhi aliona si haki, akaandika utetezi, lakini ilibidi mtu mwingine amsomee. Yule aliyetetewa akashindwa. Aliporudi India akiwa wakili, kesi yake ya kwanza Bombay ilikuwa ya ujira wa rupia 30 tu. Alisimama kuwahoji mashahidi, maneno yakamkauka. Akaketi na kutaka apewe wakili mwingine.

Mwezi Aprili 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini kumfanyia kazi mfanyabiashara Dada Abdulla. Meli ilipitia Lamu, Mombasa na Unguja, hivyo pwani yetu ilimwona angali bubu wa mikutano. Huko kusini alitupwa nje ya gari moshi mjini Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, ingawa alikuwa na tikiti ya daraja la kwanza. Alipofika Pretoria aliwakusanya Wahindi wenzake, akatoa hotuba aliyoihesabu kuwa ya kwanza maishani mwake.

Ni kitu gani kilichobadilika? Haya haikuwa imekwisha. Lakini safari hii alikuwa amejiandaa vema, na alisimama kwa ajili ya heshima ya watu, si kwa sifa yake. Aliwaambia wawe wakweli katika biashara na wazingatie usafi, kisha akajitolea kuwafundisha Kiingereza. Watatu wakajitokeza. Tarehe 11 Septemba, 1906, mjini Johannesburg, alihutubia watu wapatao 3,000.

Hata hivyo hakugeuka kuwa msemaji wa kunguruma. Alisema kwa upole na kwa ufupi mpaka alipouawa tarehe 30 Januari, 1948. Haya yake aliishukuru kwa kuwa ilimfundisha kupima maneno. Wahenga nao walituasa kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Ndugu wanafunzi, kesho mtaketi katika vikao vya vijiji, kata na wilaya, hapa Handeni, Korogwe na kwingineko. Sisi tulio katika utumishi twajua kuwa mwenye hoja nzuri akinyamaza, uamuzi hupita bila yeye, na anayeumia mara nyingi ni mwingine. Basi anzeni sasa, katika midahalo ya shule. Chagua jambo unalolijua, liandae, simama, sema kwa ufupi, kisha keti. Mkipenda kutetemeka, tetemekeni, lakini semeni.