Leakey alipoteza shimo lake, wewe usipoteze daftari la mradi wako

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa shule ya upili huko Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, ukishapita Mwingi na Kyuso. Wewe na mwenzako mmeingia maonyesho ya sayansi. Mradi wenu ni wa nyumbani kabisa: mnataka kujua kama unga wa majani ya mwarobaini unaweza kuzuia wadudu wanaotoboa ndengu zikiwa ghalani. Mna chupa sita za ndengu. Tatu mmetia mwarobaini, tatu hamkutia kitu. Kila Ijumaa mnahesabu punje zilizotobolewa.

Wiki ya kwanza mlihesabu. Ya pili pia. Wiki ya tatu kulikuwa na mtihani, mkasahau. Wiki ya nne mkarudi kazini. Sasa jedwali lina pengo, na kesho ndiyo siku ya kwenda maonyesho ya kaunti ndogo. Mwenzako anakushawishi mjaze tu nambari iliyo katikati ya wiki ya pili na ya nne. Si itakuwa karibu na ukweli? Halafu nani atajua?

Na hata wewe unayesoma haya ukiwa ndani ya matatu Nairobi au Mombasa, usijifanye hujawahi kufika hapo. Jedwali la maabara ya fizikia unalijua vizuri.

Kabla hujashika kalamu, acha nikusimulie maisha ya mtu ambaye jina lake umelisikia darasani tangu shule ya msingi: Louis Leakey. Huyu hakubuni data. Aliamini kila alichokisema. Lakini ilifika siku akatakiwa kuonyesha, akashindwa, na nusura ajiharibie maisha yake yote ya kazi.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamishonari Waingereza. Alikua akicheza na watoto wa Kikuyu, akakijua Kikuyu kama lugha ya mama, na akapitishwa jando pamoja na rika lake. Alipofika Chuo Kikuu cha Cambridge, alikiwasilisha Kikuyu kama mojawapo ya lugha zake za mtihani, kikakubaliwa.

Mradi wake wa kwanza wa sayansi aliufanya akiwa na umri kama wako, pengine mdogo kukushinda. Alipewa zawadi ya kitabu cha watoto kuhusu watu wa zamani za mawe. Akaanza kuokota vipande vyeusi vya mawe yanayong'aa kama kioo kwenye barabara na mashamba ya Kabete. Watu wazima walimcheka. Alivipeleka kwa Arthur Loveridge, aliyekuwa akisimamia jumba la makumbusho la Nairobi. Loveridge akaviangalia, akamthibitishia kwamba baadhi yake ni zana za kweli za watu wa kale. Tangu hapo kijana akaanza kuandika kumbukumbu za kila kipande alichookota.

Shika hapo. Tutaparudia.

Mwaka 1926 Leakey alirudi Afrika Mashariki akiongoza msafara wake wa kwanza wa kuchimba. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba asili ya binadamu itapatikana Asia. Yeye alishikilia kwamba ni hapa kwetu. Katika hilo, muda umemwonyesha kuwa alikuwa sahihi. Ila kuwa na dhana sahihi ni jambo moja, na kuwa na ushahidi ni jambo lingine. Kwenye maonyesho ya sayansi pia ni hivyo: jaji hakupi alama kwa sababu umebahatisha jibu, anakupa kwa sababu umeonyesha ulivyolifikia.

Mwaka 1932 kikosi chake kilikuwa Kanam na Kanjera, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Homa Bay. Huko Kanam, mfanyakazi wake Juma Gitau alichimbua bonge la udongo mgumu lililokuwa na kipande cha taya ya binadamu. Leakey aliona kwamba tabaka lile lilikuwa la kale sana. Alitangaza kwamba hiyo ni taya ya babu wa moja kwa moja wa binadamu wa leo, akaipa jina la spishi mpya. Mwaka 1933 wanasayansi walikutana Cambridge, wakapima madai yake, na wengi wakamkubali. Umri wake, miaka 29. Jamaa alikuwa juu.

Lakini kulikuwa na profesa mmoja wa jiolojia jijini London, Percy Boswell, ambaye hakuridhika. Hakumtukana. Aliuliza swali ambalo jaji yeyote mzuri atakuuliza wewe: ilitoka wapi hasa, na nitajuaje? Leakey, kwa kujiamini, akamkaribisha aje ajionee mwenyewe. Boswell alikuja, na Januari 1935 wakawa pamoja Kanam.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Leakey alikuwa amewekea alama sehemu zile kwa vigingi vya chuma. Vigingi havikuwepo. Wenyeji walikuwa wamevichukua, wakavigeuza kuwa vifaa vya kuvulia samaki, na huwezi kuwalaumu: chuma ni chuma, na hakuna aliyewaeleza kinachotafutwa pale. Mvua nayo ilikuwa imekula udongo na kubadilisha sura ya makorongo. Ramani ya kina hakuwa nayo. Kamera yake ilikuwa imemkatalia siku zile za uchimbaji, na picha aliyowaonyesha watu Uingereza kama ya Kanam ikagunduliwa kuwa ya mahali pengine kabisa. Alizunguka huku na kule akitafuta shimo lake mwenyewe. Hakuweza kulionyesha kwa uhakika.

Boswell alirudi London, na Machi 1935 maelezo yake yakachapishwa katika jarida la Nature. Sasa dunia nzima ya sayansi ikajua. Waliokuwa wakimpigia makofi wakaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Ndoa yake ya kwanza ilikuwa ikivunjika wakati huohuo, na milango ya Cambridge ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Taya ya Kanam haikurudi tena kwenye cheo alichokuwa ameipa.

Angalia vizuri kilichomponza. Leakey hakudanganya kwamba taya ilipatikana, ilipatikana kweli. Shida ni kwamba mkweli asiye na kumbukumbu na mwongo aliyejitungia habari, mbele ya jaji wanafanana. Wote wawili wana maneno tu. Kinachowatenganisha ni daftari, picha, tarehe, alama. Na yule kijana wa Kabete aliyeandika kumbukumbu za kila jiwe alikuwa analijua hilo. Mtu mzima mwenye haraka ya kutangaza ndiye aliyesahau.

Ndiyo maana kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yale tunayoyaita KSEF, kazi yako haiishii kwenye bango la rangi na kifaa kinachowaka taa. Unatakiwa uwe na ripoti iliyoandikwa, na uwe na daftari la kazi: lile lenye madoa, lenye tarehe, lenye nambari ulizozikata na kuandika upya. Wanafunzi wengi hulinakili upya usiku wa kuamkia maonyesho ili lionekane safi. Usifanye hivyo. Daftari chafu lililoandikwa siku ya tukio linakutetea kuliko daftari safi lililoandikwa jana.

Leakey hakukata tamaa. Alimwoa Mary Nicol, mwanaakiolojia makini na mchoraji hodari wa zana za mawe, akarudi Kenya, na katika miaka ya 1940 akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Coryndon, ambalo leo ndilo Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi. Januari 1947 aliwaita wataalamu kutoka sehemu nyingi Nairobi, kwenye kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale. Heshima ikaanza kurudi polepole, kwa kazi.

Kisha ikaja tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, Tanganyika. Louis alikuwa amelala kambini na homa. Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa na meno yakichungulia kwenye udongo. Alirudi kambini mbio kumwambia mumewe. Na unajua walichofanya? Hawakulichimbua siku hiyo. Walilikinga, wakamngoja mpiga picha Des Bartlett afike, ili kila hatua ya kulitoa irekodiwe. Fuvu likatolewa vipande kama 400, huku udongo wa pale ukichekechwa. Safari hii hakuna aliyeuliza shimo liko wapi. Walilipa jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu. Miaka miwili baadaye vipimo vya miamba vikaonyesha kwamba lina umri wa takriban miaka milioni 1.75.

Mwanzoni Louis alidai kwamba kiumbe huyo ndiye aliyetengeneza zana za mawe zilizokuwa pale. Visukuku vingine vilipoendelea kupatikana palepale Olduvai, alibadilisha msimamo hadharani, na mwaka 1964 yeye na wenzake wawili wakaitangaza Homo habilis, mtu mwenye mikono stadi. Kubadilisha hitimisho kwa sababu ushahidi umebadilika si aibu. Mwarobaini wenu usipofanya kazi, andikeni kwamba haukufanya kazi. Hayo nayo ni matokeo.

Sasa kuna jambo la pili ambalo maisha yake yanatufundisha, na hili linatugusa sisi zaidi. Taya ya Kanam ilionwa na Juma Gitau. Fuvu la Zinj lilionwa na Mary. Heselon Mukiri alimfanyia kazi miaka na miaka. Lakini ukimuuliza mtu barabarani, jina atakalotaja ni Leakey, na anamaanisha Louis.

Mwaka 1960 alijiunga nao kijana Mkamba kutoka Makueni, Kamoya Kimeu. Jicho lake lilikuwa la ajabu. Mwaka 1964 ndiye aliyeipata taya ya Peninj, karibu na Ziwa Natron, na mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule tunayemwita Kijana wa Turkana. Kamoya alikuja kuheshimiwa, hata akatunukiwa nishani Marekani mwaka 1985. Lakini wenzake wengi waliochimba kwenye jua lilelile majina yao hayamo kwenye kitabu chako cha historia.

Basi kwenye ripoti yenu, ukurasa wa shukrani si pambo. Kama wazo la mwarobaini mlilipata kwa nyanya yako anayehifadhi ndengu hivyo kila msimu, mtaje. Kama fundi wa soko la Tseikuru ndiye aliyewachomea kibanio cha chupa, mtajeni, na mseme ni yeye. Kama mwalimu mlezi amewarekebishia sentensi, sawa. Ila akiwafanyia mradi mzima, huo si wenu tena. Kama mmeutoa kwenye intaneti au kwa wanafunzi wa mwaka jana, semeni umetoka wapi na ninyi mmeongeza nini. Na ninyi wawili wote mjue kila kitu kilichomo. Jaji ana mazoea ya kumuuliza yule aliyenyamaza.

Louis Leakey hakuwa malaika. Wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na uzeeni alishikilia madai kuhusu mawe ya Calico huko California ambayo hata Mary hakuyakubali. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Limuru. Simsifu kila kitu. Nakuomba tu ubebe lile lililomgharimu, wewe usilipie mara ya pili.

Turudi kwenye chupa zenu sita. Acheni safu ya wiki ya tatu ikiwa wazi. Chini yake andikeni kwamba hamkuhesabu kwa sababu ya mtihani. Kwenye grafu, msiunganishe mstari kana kwamba hakuna kilichotokea. Jaji akinyoosha kidole kwenye pengo, na atanyoosha, mwambieni ukweli na muelezee mtakavyohakikisha halitokei tena. Huenda mkapoteza alama moja au mbili. Lakini akiwaomba daftari, mtalitoa mkobani bila mikono kutetemeka, na kila nambari atakayoigusa mtakuwa na tarehe yake.