Robert Morrison, mtu wa kamusi aliyesomea Kichina mafichoni

MFANYABIASHARA wa Kariakoo, Gikomba au Kampala anayekwenda Guangzhou kufunga mzigo, leo ana simu ya kumtafsiria. Miaka 200 iliyopita, katika mji huohuo ambao Waingereza waliuita Canton, Mchina aliyemfundisha mgeni lugha yake alihatarisha shingo yake. Katika hali hiyo ndipo Mwingereza Robert Morrison alipotunga kamusi ya kwanza ya Kichina na Kiingereza kupigwa chapa.

Hakuzaliwa katika ukwasi. Alizaliwa Januari 5, 1782 huko Morpeth, kaskazini mwa Uingereza, na kukulia Newcastle, ambako baba yake alichonga kalibu za mbao za mafundi viatu. Robert aliingia kwenye kazi hiyo akiwa na miaka 14, huku akijisomea alfajiri na usiku. Mwaka 1804 alijiunga na Chama cha Wamisionari cha London, nacho kikamchagulia China.

Vitabu vya kujifunzia havikuwapo. Alichopata London ni kijana mmoja wa Canton, Yong Sam-tak, na maandishi mawili ya mkono: tafsiri ya sehemu ya Agano Jipya, na kamusi ya Kilatini na Kichina iliyoazimwa kutoka Royal Society. Aliyanakili kwa msaada wa Yong, alama moja baada ya nyingine, kabla hajajua maana ya nyingi kati yake. Siku moja alitupa motoni karatasi aliyokwisha kuihifadhi kichwani, na mwalimu wake akakasirika vibaya, kwani kwa Wachina wa wakati ule karatasi yenye maandishi haikuwa takataka.

Kampuni ya India Mashariki, iliyohodhi biashara ya Uingereza na China, haikutaka kubeba wamisionari. Ikambidi azungukie New York, na Septemba 1807 akafika Canton.

Mfumo wa biashara wa pale unafaa kuelezwa. Wageni walikaa kwenye maghala kando ya mto, nje ya ukuta wa mji, kwa msimu wa biashara tu, na bila wake zao. Waliruhusiwa kununua na kuuza kupitia kundi dogo la wafanyabiashara wa Kichina wenye leseni ya serikali. Mazungumzo yaliendeshwa kwa Kiingereza cha kuungaunga. Barua na amri za maofisa ziliandikwa kwa lugha ya kale ya vitabu, ambayo hata Mchina asiyesoma hakuielewa. Mgeni alimtegemea mtu wa kati kwa kila neno. Mwaka 1759 James Flint, mfanyakazi wa Kampuni aliyejua Kichina, alipeleka malalamiko kwa mfalme. Yeye alifungwa miaka mitatu. Mchina aliyehusishwa na kumwandikia ombi hilo aliuawa.

Ndiyo maana Morrison alisomea mafichoni. Inasimuliwa kwamba mmoja wa walimu wake alitembea na sumu, ili akikamatwa ajiue kabla ya kuteswa. Vitabu vingi vya historia humtaja Morrison na kuwapita walimu hawa, ingawa hatari kubwa ilikuwa yao.

Februari 20, 1809 alimwoa Mary Morton huko Macau, na siku hiyohiyo Kampuni ikampa kazi ya ukalimani kwa pauni 500 kwa mwaka. Ukalimani ndio uliompa kibali cha kuishi China. Ulimweka pia ndani ya kampuni iliyouza kasumba kwa mnada India, ikijua wafanyabiashara binafsi wataipeleka China kwa magendo. Mmisionari alikula mshahara huo kwa miaka mingi.

Kamusi yake ilitoka kati ya 1815 na 1823, vitabu sita katika sehemu tatu. Kampuni ilileta mtambo na fundi chapa, Peter Perring Thoms, na gharama inatajwa kufikia pauni 12,000. Mafundi wa Kichina walichonga alama kwenye madini, moja moja.

Sehemu ya kwanza ilifuata kamusi ya Mfalme Kangxi ya mwaka 1716, inayopanga alama zote chini ya mizizi 214. Unatafuta mzizi, mathalani wa maji au wa mti, kisha unahesabu mikwaju iliyobaki. Penye neno la kusoma Morrison alijaza kurasa kuhusu shule na mitihani ya kuingia serikalini. Sehemu ya pili ilipangwa kwa alfabeti, kwa aliyelijua neno kwa sauti, na ya tatu ilianza na Kiingereza. Lakini matamshi yalikuwa ya maofisa, si ya sokoni Canton, hivyo mwaka 1828 akatoa msamiati wa lahaja ya Canton.

Mary alikufa kwa kipindupindu Macau mwaka 1821. Makaburi ya Wakatoliki yalifungwa kwa Waprotestanti, Kampuni ikanunua kiwanja, na huko ndiko alikozikwa. Mwaka 1824 Morrison alirudi Uingereza kwa muda na takriban vitabu 10,000 vya Kichina. Sasa mkusanyo huo uko SOAS, London, chuo ambacho pia kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi.

Ukiritimba wa Kampuni ulipokoma mwaka 1834, serikali ya Uingereza ilimwajiri kuwa mkalimani wa Lord Napier. Hakudumu. Alifariki Canton Agosti 1 mwaka huo, akiwa na miaka 52, akazikwa Macau karibu na Mary. Kazi ya ukalimani aliichukua mwanawe John Robert, kijana wa miaka 20, ambaye mwaka huohuo alichapisha Canton kitabu cha mwongozo kwa wafanyabiashara wageni wa China.