Muyaka bin Haji na Haki ya Fumbo



Ukurasa wa chemsha bongo wa jarida letu huzusha ugomvi usiokwisha. Mjaza miraba hulalamika kwamba kidokezo kilimdanganya. Mtungaji naye hujibu kwamba mjazaji hakufikiri. Nani mwenye haki? Nimeona nisijibu kwa maneno matupu, bali nisimulie habari za bingwa wa mafumbo ambaye wengi wetu tulimsikia katika somo la fasihi, yaani Muyaka bin Haji al-Ghassaniy wa Mombasa.

Muyaka alizaliwa karibu mwaka 1776 na kufariki mwaka 1840. Enzi zake Mombasa ilitawaliwa na ukoo wa Mazrui, walioishika Ngome ya Yesu na kukataa kuwatii watawala wa Omani. Tungo nyingi za kale zilizotufikia kwa maandishi ni tenzi za dini. Muyaka yeye alilichukua shairi la mishororo minne, lenye mizani 16 na vina vya kati na vya mwisho, akaliingiza sokoni na barazani. Alitunga juu ya mapenzi, njaa, biashara, marafiki wasio wa kweli na mambo ya utawala. Shairi lake linaloonya juu ya mtu aliyenyamaza lingali linakumbukwa.

Alikuwa karibu na watawala wa Mazrui, hasa Abdallah bin Ahmed, aliyeushika mji mwaka 1814. Kabla ya hapo, karibu mwaka 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yalikuwa yameshindwa vibaya na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Pamoja na vita vya panga kulikuwa na vita vya maneno. Mashairi yalivuka bahari kati ya Mombasa na Lamu, na huko Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi, wa kuyajibu.

Desturi ya kujibizana ilikuwa hivi: mmoja hutega, mwingine hutegua kwa kufuata bahari ile ile ya shairi, na watu husikiliza na kuamua nani ameshinda. Katika miji yenye vita, fumbo halikuwa mchezo tu. Mshairi aliweza kumwonya mkubwa bila kumtaja jina. Aliyekusudiwa alielewa, wengine walidhani wamesikia habari ya kawaida.

Nawaomba mtazame kilichowezesha jambo hilo. Neno la fumbo lilikuwa kweli kwa pande zote mbili. Lilimpitisha msikilizaji njia ya kando, lakini halikumwambia uongo. Kama mtegaji angesema uongo, mteguaji angeshindwa bila kosa, na ushindi wa mtegaji usingekuwa na heshima yoyote.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Chukueni neno kaa. Ni kiumbe wa majini, ni kipande cha moto, na ni amri ya kumtaka mtu aketi. Nikiandika kidokezo hiki: Keti, mwenye magando (herufi 3), nimefumba kwa haki. Msomaji atadhani namkaribisha mgeni wa ajabu, lakini kila neno ni kweli: keti ni amri, na kaa ni amri pia, mwenye magando ni kaa wa majini. Nikiandika kuketi, nimekosea, maana jibu lingekuwa kukaa. Nikiandika viumbe wenye magando huku nataka jibu liwe makaa, nimedanganya kabisa, kwa sababu wingi wa kaa wa majini ni kaa, na makaa ni ya moto. Nikiandika mnyama tu, sijasema uongo, lakini sijafafanua kitu: paa naye ni mnyama, naye ana herufi 3. Basi maana iliyotolewa iwe ya kweli, iwe ya umbo lile lile la neno, na iwe na mpaka.

Sisi wa Mbuji, na Umatengo kwa jumla, tuliipata sheria hii kwenye vitendawili vya jioni kabla hatujaona miraba ya gazetini. Majuzi niliwatega wajukuu wangu kwa cha kubuni: shamba langu limejaa mashimo, lakini mvua haliibi udongo wake. Walijibu mara moja: ngoro. Kwa ndugu waliokwenda mbali wakasahau, ngoro ni mashimo yetu ya kilimo, yanayochimbwa kwa safu kwenye miteremko ili kuzuia maji yasichukue udongo. Ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde, utasema ni miraba ya chemsha bongo. Lau ningesema shamba langu halina udongo, wangekuwa na haki ya kunikatalia mji.

Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Mombasa, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa na kupelekwa mbali. Miaka mitatu baadaye Muyaka akafa. Mashairi yake yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa William Hichens, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Hapa pana funzo kubwa. Fumbo lililotegemea uvumi wa mtaa linahitaji mtu wa mtaa ule alieleze, naye akifa limefungwa. Fumbo lililotegemea maana halisi za maneno bado linateguliwa na mtoto ambaye hajapata kuiona Mombasa. Ufunguo umo ndani yake.

Huko Uingereza sheria hii iliandikwa na mwalimu mwenzetu, Derrick Macnutt (1902–1971), aliyefundisha Kigiriki na Kilatini na kutunga miraba ya gazeti la The Observer kwa jina la Ximenes. Katika kitabu chake cha mwaka 1966 alitaka kidokezo kiwe na maana sahihi ya jibu, njia ya pili iliyo ya haki, na kisiwe na neno la ziada. Nadhani yeye na Muyaka wangeelewana vizuri barazani.

Basi, wadogo zetu mnaotunga, ficheni mtakavyo, lakini msidanganye. Kila mkimaliza kidokezo, kigeuzeni: mkipewa jibu, je, mtaona kwamba kila neno lilikuwa kweli? Na ninyi mnaojaza, mkishindwa na kidokezo cha namna hiyo, mpeni mtungaji mji wake bila kinyongo. Ameupata kwa haki.